Elina na Mgonjwa wa Kilimani

Elina Mboje alikuwa mtu wa kusali. Hata wale wasiompenda, na hao hawakukosekana, walikiri hilo. Kijijini kwake, nje kidogo ya senta ya Dutwa, majirani walijua kumekucha waliposikia akikohoa uani, akinawa uso kabla ya kupiga magoti. Alisali Sala ya Asubuhi, kisha Rozari, ndipo akachukua kibuyu kwenda kukamua. Saa sita mchana, hata kama yuko katikati ya shamba la pamba, alichomeka jembe ardhini, akageukia upande lilipo kanisa la kigango, akasema Malaika wa Bwana kwa sauti. Vibarua waliopalilia naye waliijua sala ile kwa kuisikia tu, hata ambao maji ya ubatizo hayajawahi kuwagusa.

Mumewe, Januarius, alikuwa mtu mpole wa ng'ombe na baiskeli. Alisali naye jioni, akisinzia. Asubuhi alimwacha Elina na Mungu wake.

Lakini Elina alikuwa na ulimi. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, na katika kusali nyumba kwa nyumba siku za Alhamisi alikuwa na desturi ya kusema neno baada ya somo. Neno lenyewe lilianza na Injili likaishia kwa jirani. Hakutaja jina. Hakuwa na haja ya kutaja. "Wapo wanaofika hapa na shingo zimeinama," angesema, "na nyumbani wanatia maji kwenye pamba ili mzani uelemee." Kila mtu akamtazama Fulani, na Fulani akatazama miguu yake.

Miaka hiyo ya tisini maneno ya kusema hayakuwa haba. Serikali ilikuwa imefungua soko la pamba. Zamani mkulima alipeleka pamba chama cha msingi tu, akasubiri malipo mpaka asahau kwamba anasubiri. Sasa malori ya wanunuzi binafsi yaliingia Dutwa yakitimua vumbi, kila kampuni na godauni lake, kila moja na mtu wa kupiga kelele kwenye kipaza sauti. Watu walivua nyasi wakaezeka bati. Redio ziliimba kila mji. Wapo waliooa mke wa pili kwa pamba ya msimu mmoja, na msimu uliofuata wakashindwa kuwalisha wote wawili. Dawa za hospitali nazo zikaanza kuchangiwa, na wengi wakarudi kwa waganga. Elina aliyaona yote na kuyapanga: hili dhambi, lile dhambi kubwa, lile la kuitiwa padre.

Katika jumuiya yake alikuwamo mama mmoja aliyeitwa Ng'washi, mjane, mdogo kwa Elina kwa umri. Ng'washi hakuwa msemaji. Alikaa karibu na mlango, akajibu Litania kwa sauti ya chini, akaondoka kabla ya chai. Mwaka mmoja, katikati ya msimu wa kuuza pamba, akaanza kukosekana. Alhamisi ya kwanza watu walidhani anaumwa. Baadaye Dominika nayo akawa anachelewa, anaingia wakati wa mahubiri, amechoka, upindo wa kanga umelowa.

Kisha mtu akamwona. Alionekana alfajiri akipandisha kile kilima cha mawe upande wa mashariki, mfuko begani. Na juu ya kile kilima hapakuwa na mji mwingine ila wa Machibya.

Machibya alikuwa nfumu, mganga wa zamani, aliyeogopwa kuanzia Dutwa mpaka huko Mwamanyili karibu na ziwa. Wakati wa nguvu zake watu walifika kwake na kuku wakitaka kujua nani amewaulia mtoto au ng'ombe, na yeye alimchana kuku, akatazama, akataja. Aliyetajwa hakukaa tena kwa amani. Siku hizi habari zake zilikuwa zimepungua. Wengine walisema amehama, wengine kwamba wake zake wamemkimbia.

Elina aliposikia, hakushangaa hata kidogo. Alhamisi iliyofuata, baada ya somo, akasema, "Wapo waliochoka kumngoja Mungu. Wana haraka. Wanapanda vilima alfajiri, wakati wenzao wanasali."

Ng'washi hakuwapo. Lakini maneno yana miguu. Wiki hiyohiyo akina mama wawili waliokuwa wakichota maji naye kisimani walianza kwenda mapema ili wasikutane naye. Katekista Selestini, mzee mwenye subira aliyekuwa akiongoza ibada kigangoni padre asipofika, alimwita Elina pembeni.

"Mama mwenyekiti, hili jambo la Ng'washi umelithibitisha?"

"Ameonekana, mwalimu."

"Ameonekana akifanya nini?"

"Mtu anapanda kwa mganga alfajiri kufanya nini? Kuchuma mboga?"

Selestini alisugua kidevu. "Mimi sijui. Ndiyo maana nauliza. Padre akija ataniuliza, nami sitamjibu kwamba kilima kimepandwa."

Elina aliona anadharauliwa. Akaamua kwamba atakwenda mwenyewe, aone kwa macho, amletee katekista ushahidi.

Asubuhi ya siku ya pili yake alikuwa amepiga magoti uani, katika matendo ya uchungu, tendo la tatu, aliposikia nyayo zinapita nyuma ya ua wa minyaa. Akafungua jicho. Ilikuwa kanga ya Ng'washi. Elina alikaa kidogo, rozari mkononi, kama mtu anayebishana na mwenzake ndani ya kichwa. Kisha akabusu msalaba, akaiweka rozari mfukoni katikati ya tendo, akainuka, akafuata.

Mji wa Machibya ulikuwa umekufa. Zizi lilikuwa tupu, limeota magugu. Nyumba mbili kati ya tatu zilikuwa zimebomoka, miti ya paa imejitokeza nje. Elina alijibanza kwenye jiwe kubwa, akingoja kusikia kuku akilia, au kuona moshi wa dawa. Kilichomfikia kwanza kilikuwa harufu, nzito, ya nyama inayooza, mpaka akafunika pua kwa kitenge.

Akachungulia. Chini ya baraza, juu ya ngozi ya ng'ombe, alilala mzee aliyekonda. Mguu wake mmoja ulikuwa umewekwa juu ya jiwe, umevimba, na chini ya goti palikuwa na kidonda ndugu kilichokula mpaka ndani. Ng'washi alikuwa amepiga magoti mbele ya mguu ule. Alikuwa anauosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, polepole, akipuliza kila mzee alipokunja uso. Alipomaliza alifunga kwa kitambaa safi, akanawa, akatoa chupa ya uji mfukoni, akamwinua mzee kichwa.

"Kunywa, guku," alisema, kama mjukuu anavyosema na babu yake. "Kunywa kabla haujapoa."

Elina hakujua alitokaje nyuma ya jiwe. Alijikuta tu amesimama uwanjani, na Ng'washi anamtazama.

"Mwangaluka, mayu," Ng'washi alisalimu kwa Kisukuma, akimwita mama. Sauti yake haikuwa na hasira wala aibu.

"Mwangaluka," Elina aliitikia.  

Walishuka pamoja jua lilipochomoza. Nusu ya mteremko Ng'washi akakaa juu ya jiwe, naye Elina akakaa.

"Unajua huyu ni nani kwangu?" Ng'washi aliuliza.

"Sijui."

"Nilipokuwa mtoto, mwaka waliokufa ndama wengi, watu walikuja kwake na kuku. Akamtaja mama yangu. Mama yangu, aliyekuwa hawezi hata kumfukuza mbwa jikoni. Walimfukuza na sufuria moja. Akaenda kufia Mwamanyili kwa watu wa ukoo waliokuwa wanamlisha kwa kumhofia. Kaka yangu Mabula alikuwa mkubwa kidogo, alimsindikiza. Mpaka leo Mabula hapiti njia ya kilima hiki."

Elina alimtazama asiamini. "Na wewe unamwosha?"

Ng'washi alichuma jani akalikunja. "Mayu, usinifanye mtakatifu. Nilikwenda kuokota kuni, nikasikia anaugua. Nikapanda. Nilipanda nimtazame akifa, hiyo ndiyo kweli. Nilitaka nione. Nilipofika akaniomba maji. Hakunijua, macho yake yameingia ukungu. Nikampa, basi, mtu akiomba maji utafanyaje? Nikashuka. Kesho yake nikakaa jikoni nikajiuliza, leo nani atampa? Nikasubiri nisikie mtu mwingine anakwenda. Hakuna aliyekwenda."

"Ulimwambia wewe ni nani?"

"Nilimwambia. Nilichoka kumficha. Siku ile akakataa uji. Nilipokwenda tena akaniuliza, 'Mbona umerudi?' Nikamwambia uji unapoa. Akanywa huku analia. Hatujaongea tena habari hiyo." Akainuka, akajipangusa vumbi. "Naomba usimwambie mtu. Mabula akijua, sijui atanifanya nini mimi, na sijui atamfanya nini mzee. Waache waseme naenda kwa mganga. Si kweli kwamba naenda kwa mganga?"

Elina alirudi nyumbani. Aliitoa rozari aendelee pale alipoachia, ikawa midomo inakwenda na moyo umebaki kilimani. Akaacha. Akasema sala fupi aliyokuwa akiisema tangu ubatizo wake, ile ya kuungama, na alipofika pale pa kujipiga kifua, "nimekosa kwa mawazo, kwa maneno," akasimama kwenye neno hilo la maneno. Alikuwa amelipita miaka yote kama mtu anavyopita nyumba ya jirani bila kugeuka. Siku hiyo aliliona. Aliwaona wale akina mama wa kisimani. Na alijua kwamba hawezi kuyarudisha maneno yake bila kuifungua siri aliyoombwa aifunge.

Januarius alimkuta amekaa hapo hapo, ng'ombe hawajakamuliwa.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimekosa jambo, baba Thomasi, na sina njia ya kulitengeneza kwa mdomo."

Januarius alifikiri. "Basi litengeneze kwa mikono," alisema, akaenda kukamua mwenyewe.

Kesho yake Elina alitangulia kilimani. Ng'washi alipofika alimkuta anafagia. Hawakuzungumza sana. Elina alileta maziwa, mara nyingine michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa laini, maana mzee hakuwa na meno. Mwanzoni Machibya alimwogopa. Alikuwa amesikia sauti yake ya Malaika wa Bwana ikipanda kutoka mashambani miaka mingi.

"Umekuja kunibatiza?" alimuuliza.

"Nimekuja kufagia, guku."

"Wabeja," mzee alisema. Asante. Akafumba macho.

Rozari Elina aliihamishia njiani. Aliisali akipanda, na shanga zilizobaki akazimalizia akishuka. Na kama ilivyotarajiwa, naye akaonekana. Alhamisi alipofungua mdomo kusoma somo, waliomjibu walikuwa wachache. Baada ya sala hakusema neno lolote, na ukimya wake nao ukachukuliwa kuwa ushahidi. Mtu aliyemfahamu tangu usichana alimwambia usoni, "Na wewe, Elina? Tuliyekuwa tunakufuata?" Elina akajibu, "Niombee."  Usiku alimweleza Januarius kwamba sasa anajua upande ule wa pili wa ulimi unavyochoma.

Kidonda hakikupona. Mguu ulianza kuwa mweusi, na homa ikampanda mzee. Ng'washi alisema waziwazi kwamba chumvi imefika mwisho. Hospitali ya Bariadi ndiyo iliyobaki. Basi la kwenda Bariadi lilikuwa linasimama senta, mbele ya magodauni, na hapakuwa na njia ya kumfikisha mgonjwa pale isipokuwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, mchana kweupe, katikati ya watu waliokuwa wanauza pamba.

"Mabula yuko pale siku hizi," Ng'washi alisema. "Anauza ya mwisho."

"Wewe baki," Elina alimwambia. "Tutamchukua mimi na Januarius. Mimi tayari nimeshasemwa."

Januarius alifunga maksai wawili, akatandika nyasi nyingi, wakamlaza mzee na kumfunika kwa shuka. Machibya hakuwa ameshuka kilima kile muda mrefu. Njia nzima alikuwa anauliza miti iliyokuwa hapa imekwenda wapi, na Januarius anamjibu kwamba imekatwa, pamelimwa pamba.

Senta ilikuwa imejaa. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka barabarani, vijana wanapakia lori, kipaza sauti kinataja bei. Mkokoteni ulipoingia, harufu iliutangulia, na watu wakageuka. Kwanza walimwona Januarius. Kisha mwenyekiti wa jumuiya anayetembea pembeni, rozari imezungushwa mkononi. Kisha sura iliyokuwa kwenye nyasi. Jina lilipita kutoka mdomo hadi mdomo kama moto wa nyasi kavu, mpaka hata mtu wa kipaza sauti akanyamaza.

Mabula alikuwa mtu mrefu, mabega mapana. Aliacha gunia lake chini, akaja taratibu, akashika nira ya maksai wa mbele. Ng'ombe wakasimama.

"Mama Thomasi," alisema kwa heshima. "Unampeleka wapi huyu?"

"Hospitali, baba."

"Unamjua alichofanya?"

"Nimeambiwa."

"Mama yangu hakupewa mkokoteni. Alitembea kwa miguu mpaka Mwamanyili, na mimi nikiwa nimemshika kanga. Hakuna mtu wa kanisani aliyetoka nje. Leo wewe unayesali kila siku unambeba huyu? Hukumu iko wapi?"

Elina alimsogelea. Alisema, "Sijui, Mabula. Una haki ya kuuliza, nami sijui. Najua tu mguu wake unaoza."

Mabula hakuiachia nira. Sauti ikatoka nyuma ya magunia.

"Mabula."

Ng'washi hakuwa amebaki. Alikuwa ameufuata mkokoteni kwa mbali, kisha akaona hawezi kujificha nyuma ya mgongo wa mwanamke mwingine. Akaja mpaka mbele, akasimama kati ya kaka yake na ng'ombe.

"Mimi ndiye ninayemwosha," alisema. "Tangu katikati ya msimu. Hawa wamenikuta. Kama una neno, ni langu."

Watu wote walisikia. Wale akina mama wa kisimani walikuwapo. Katekista Selestini alikuwapo, ameketi juu ya gunia lake. Mabula alimtazama dada yake muda mrefu. Macho yake yakashuka kwa mzee. Machibya alikuwa ameinua kichwa, macho yake ya ukungu yakitafuta sauti inatoka wapi.

"Ni mtoto wa kiume wa yule mama?" mzee aliuliza. "Ng'wana wane, mwanangu, nilimtaja mama yako. Kuku hakusema kitu. Watu walikuwa wanataka jina, nami nikaogopa kuwarudisha bila jina."

Pale sokoni walikuwapo wazee ambao mwaka ule walikuwa wamepanda kilima wakitaka jina. Hakuna aliyeinua macho.

Mabula aliiachia nira. Hakusema amesamehe, na mtu yeyote atakayekuambia alisema, huyo hakuwapo. Alipisha tu. Alirudi kwenye gunia lake, akalikalia, akaupa mkokoteni mgongo mpaka basi lilipofika. Kondakta alisita kwa ajili ya harufu. Selestini akainuka, akasaidia kumbeba mgonjwa mpaka kiti cha nyuma.

Bariadi walimkata mguu, akapona. Hakurudi kilimani. Januarius alimjengea kibanda pembeni ya mji wao, na alikaa hapo miaka miwili hivi, akichonga mipini ya majembe na kuota jua. Hakubatizwa. Elina hakumuuliza, ingawa kila saa sita mchana, wakisali Malaika wa Bwana, mzee aliacha kuchonga mpaka wamalize. Alipokufa, Ng'washi ndiye aliyemfumba macho. Mabula hakuja msibani. Kwa dada yake alirudi baadaye sana, mvua za kwanza zilipoanza, akaleta plau kumlimia bila kuombwa, wakala pamoja mtama na mlenda.

Lakini kabla ya hayo yote, Alhamisi iliyofuata siku ile ya sokoni, Elina alisimama katika jumuiya akasema maneno yaliyomgharimu kuliko yote. "Habari za Ng'washi nilizianzisha mimi. Sikuwa nimeona kitu. Naomba mnisamehe, na naomba achaguliwe mwenyekiti mwingine." Selestini alitaka kumtetea, Elina akakataa. Akachaguliwa Wilhelmina, mama mwenye sauti nzuri ya kuimba. Elina akahamia karibu na mlango, jirani na Ng'washi.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuacha kusali, wala ulimi wake haukugeuka asali siku moja. Mara kwa mara neno lilimponyoka, na hapo utamwona anainuka, anakwenda kwa aliyemsema, anakaa kwake mpaka jioni. Kwenye sala yake ya asubuhi aliongeza ombi moja fupi kwa Kisukuma, kwamba Mungu amfumbe mdomo mpaka afike mahali aone mwenyewe.

Uzeeni, wakati bati za kwanza za kijiji zilipokuwa zimeshaota kutu, jirani mmoja kijana aliingia kwake na habari moto. Binti wa nyumba fulani amerudi kutoka Mwanza, ana mimba, mume haonekani, na kuna mambo zaidi ya hayo. Elina alimsikiliza huku akichambua mchele kwenye ungo.

"Amekula?" aliuliza.

"Nani, mayu?"

"Huyo binti. Tangu arudi, amekula?"

Jirani hakujua. Elina aliweka ungo chini, akaomba ashikwe mkono kusimama, na wote wawili wakatoka kwenda kuangalia.